Tohara ya Pete na Kinga ya UKIMWI: Maelezo kwa Wachungaji wa Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

1. Utangulizi

Mama mmoja wa usharika niliokuwa nikiuhudumia alinijia baada ya ibada, akasubiri hadi wazee wa kanisa walipoondoka, ndipo akaniuliza: "Baba Mchungaji, mume wangu amerudi kutoka machimboni. Ametahiriwa, wala hajamaliza wiki tatu. Anasema amepona, na kwamba sasa hana tena cha kuogopa. Je, tohara yake inanilinda na mimi?" Nilikuwa nimesoma theolojia, na Waraka kwa Wagalatia nilikuwa nimeufundisha mara nyingi, lakini jibu sikuwa nalo. Niliomba pamoja naye, nikamshauri aende zahanati. Aliondoka na swali lake kama alivyokuja nalo.

Makala haya ni jitihada ya kulijibu swali hilo, ingawa limechelewa. Yanakusudia kueleza mambo matatu: kwanza, jinsi tohara inavyopunguza maambukizi na mahali inapokomea; pili, vifaa vya pete vilivyobuniwa ili kutahiri watu wazima bila upasuaji wa kawaida, namna vilivyopimwa na kile vipimo hivyo vilichofunua; tatu, wajibu wa mchungaji kati ya tabibu na Mkristo anayesitasita. Sidai kuwa tabibu. Lakini mchungaji asiyejua mambo haya hunyamaza mahali anapotakiwa kusema, au husema mahali anapotakiwa kunyamaza.

2. Nchi yenyewe na watu wake

Wasukuma, ambao ndio wengi katika mikoa ya Shinyanga na Geita, kwa desturi hawakuwa na jando. Jirani zao Wakurya wa Mara wanalo, na Waislamu wa mijini hutahiri kwa sababu ya dini. Kwa hiyo, kwa mwanakijiji wa kawaida, tohara ilikuwa alama ya kabila jingine au dini nyingine. Katika miaka ya 1990 hali ilianza kubadilika, hasa kwa vijana wa mijini na waliosoma, lakini wengi wa wanaume walibaki bila kutahiriwa.

Ndipo yakaja machimbo. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu wakati wa ukoloni hadi mgodi ule wa kwanza ulipofungwa mwaka 1966. Uchimbaji mkubwa ulirudi Geita mwaka 2000, ukafuata Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi karibu na Kahama mwaka 2009, mgodi ambao umekwisha kufungwa. Pembeni mwa migodi hiyo wapo wachimbaji wadogo wengi, wanaoshuka katika maduara na kufuata habari ya dhahabu kutoka kijiji hadi kijiji. Maisha hayo huwatenga vijana na nyumba zao, huleta fedha ya ghafula leo na njaa kesho, na huwakusanya watu wasiofahamiana mahali pasipo na mzee wa kuwaonya.

UKIMWI haukuwa mgeni katika kanda hii. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Utafiti wa taifa wa mwaka 2011 na 2012 ulionyesha kwamba asilimia 5.1 ya watu wazima wa Tanzania walikuwa na virusi. Geita walikuwa asilimia 4.7, na Shinyanga asilimia 7.4. Wala utafiti wa kitabibu si jambo geni hapa. Kati ya mwaka 1991 na 1994, vijijini mkoani Mwanza, ilipimwa faida ya kutibu vizuri magonjwa ya zinaa katika zahanati za kawaida, ikaonekana kwamba maambukizi mapya ya virusi yalipungua kwa asilimia 40 hivi. Watu wa ziwani wametoa miili yao kwa ajili ya maarifa ambayo dunia nzima inayatumia. Hilo nalo ni jambo la kukumbukwa.

3. Tohara hukinga jinsi gani na kwa kiasi gani

Ngozi ya ndani ya govi ni laini na yenye unyevu. Huchubuka kwa urahisi, nayo ina chembe nyingi ambazo virusi huweza kuzishika na kuingia kwazo mwilini. Govi likiondolewa, mlango huo unapunguzwa sana, ingawa haufungwi kabisa.

Madaktari walikuwa wameona kwa muda mrefu kwamba makabila yanayotahiri yalikuwa na maambukizi machache zaidi. Lakini kuona hivyo si kuthibitisha, kwa kuwa watu hao huweza kutofautiana katika mambo mengine mengi. Ili kuthibitisha, walitumia njia ambayo msomaji wa Matendo ya Mitume 1:26 haitamshangaza: walipiga kura. Wanaume wasio na virusi, waliokubali kwa hiari, waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilitahiriwa mara moja, na jingine liliambiwa lisubiri. Kura huondoa upendeleo wa mwanadamu, hata tofauti inayoonekana baadaye iwe ni ya tohara yenyewe.

Majaribio ya namna hiyo yalifanyika mahali patatu: Orange Farm nchini Afrika Kusini, ambako matokeo yalitolewa mwaka 2005, Kisumu nchini Kenya, na Rakai nchini Uganda, ambako matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Jumla ya wanaume ilikuwa zaidi ya 11,000. Yote matatu yalisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba haikuwa haki kuendelea kuwasubirisha waliosubirishwa. Maambukizi kwa waliotahiriwa yalipungua kwa nusu hadi asilimia 60 hivi. Mwezi Machi mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia UKIMWI, yalipendekeza tohara ya hiari iwe sehemu ya kinga katika nchi zenye maambukizi mengi na tohara chache. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi hizo.

Tuielewe vema hesabu hiyo. Kama katika kundi la wasiotahiriwa wangeambukizwa watu 10, katika kundi linalolingana nalo la waliotahiriwa wangeambukizwa 4 au 5. Hao 4 au 5 nao wametahiriwa, wala tohara haikuwazuia kuambukizwa. Tena kinga iliyopimwa ni ya mwanamume asiambukizwe na mwanamke. Kinga ya mwanamke asiambukizwe na mwanamume ni jambo jingine, na tutalirudia.

4. Pete na namna zilivyopimwa

Tohara ya hospitali kwa mtu mzima huhitaji sindano ya ganzi, kisu, nyuzi za kushona, na dakika 20 au zaidi za tabibu mwenye ujuzi. Nchi zilizokuwa na mamilioni ya wanaume wa kutahiriwa na matabibu wachache zilijiuliza kama ipo njia nyepesi zaidi. Hapo vikaja vifaa viwili vilivyojulikana zaidi.

Cha kwanza ni PrePex, kilichobuniwa na wataalamu wa Israeli. Pete moja huwekwa ndani ya govi, na nyingine ya mpira huvutwa juu yake kwa nje, ikalibana govi hata damu isipite. Ngozi iliyobanwa hufa na kukauka, na baada ya siku 7 huondolewa pamoja na pete. Hakuna sindano ya ganzi wala mshono. Cha pili ni Shang Ring, kilichotoka China. Hiki kina pete mbili za plastiki zinazolibana govi kati yake. Govi hukatwa mara moja, pete zikabaki mwilini siku 7 kushikilia kidonda mahali pa nyuzi. Kwa hiyo Shang Ring haikuondoa kisu kabisa, ila iliondoa mshono.

Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliweka utaratibu wa kupima vifaa vya namna hii. Kifaa kipimwe kwanza kwa watu wachache, kisha kilinganishwe kwa kura na upasuaji wa kawaida katika nchi zaidi ya moja, kisha kitumiwe na wauguzi na matabibu wa kawaida mahali pa kazi zao, ili ionekane kama mikono isiyo ya mabingwa inakiweza. PrePex ilipimwa Rwanda, Uganda na Zimbabwe, ikapata idhini ya Shirika hilo mwaka 2013. Shang Ring ilipimwa Kenya na Zambia, ikapata idhini mwaka 2015. Katika Kenya na Zambia, tohara kwa Shang Ring ilichukua dakika 7 hivi, ambapo upasuaji wa kawaida ulichukua dakika 20.

Msingi wa majaribio yote ya namna hii ni ridhaa, kama lilivyosisitiza Azimio la Helsinki la mwaka 1964. Mtu aelezwe kwa lugha anayoielewa kitu gani kitafanyika, hatari ni ipi, na kwamba anaweza kukataa au kujitoa bila kuadhibiwa. Karatasi iliyotiwa saini peke yake haithibitishi hilo. Mchimbaji aliyeletwa na tajiri wa duara lake, au kijana aliyevutwa na wenzake, yumkini ametia saini bila kuridhia. Mchungaji anaweza kumwuliza swali moja tu: "Je, ungeweza kusema hapana?"

5. Dakika za tabibu na siku za mgonjwa

Matokeo ya Rwanda yaliyochapishwa mwaka 2012 yana somo kubwa kwetu. Kuvaa PrePex kulichukua dakika 3 hivi, na upasuaji dakika 15. Lakini kupona kabisa kulichukua wastani wa siku 38 kwa waliovaa pete, na siku 23 kwa waliopasuliwa. Kifaa kiliokoa muda wa tabibu, na mgonjwa akaulipa. Tangazo likisema tu kwamba jambo lote ni la dakika chache, halina uongo ndani yake, ila limeacha nusu ya ukweli. Wiki 6 za kujizuia hazijapunguzwa na pete yoyote.

Na wiki hizo ndizo penye hatari. Uchunguzi mwingine wa Rakai, uliochapishwa mwaka 2009, uliwatazama wanaume waliokwisha kuwa na virusi. Kuwatahiri hakukuwapunguzia wake zao maambukizi. Na dalili zilikuwa kwamba wale walioanza kukutana na wake zao kabla ya kidonda kufunga waliwaweka katika hatari kubwa zaidi. Kidonda kibichi ni mlango wazi pande zote mbili: kwake kuambukizwa na kwake kuambukiza.

Jambo la pili lililofunuliwa ni pepopunda. Vijidudu vya ugonjwa huo hukaa katika udongo, na hustawi katika nyama iliyokufa isiyopata hewa. PrePex huiacha nyama ya namna hiyo mwilini kwa siku kadhaa. Majaribio ya mamia ya watu hayakuionyesha hatari hii. Ilionekana baada ya kifaa kutumiwa na watu wengi sana, na baadhi ya waliougua walifariki. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu asivalishwe pete ya aina hiyo kabla ya kupata chanjo 2 za pepopunda, ya pili ikiwa angalau wiki 2 kabla. Mama zetu hupata chanjo hiyo kliniki wakiwa wajawazito. Mwanamume mzima wa kijijini, mara nyingi, hajui mara ya mwisho alipochanjwa. Sasa mfikirie kijana anayelala chini ya turubai kandokando ya makarasha, anayeshinda katika udongo na maji ya tope. Kwake onyo hilo lilikuwa na uzito kuliko kwa karani wa mjini.

Baada ya hayo PrePex ilipoteza nafasi yake, Shang Ring ikabaki, na upasuaji wa kawaida ukaendelea kuwa njia ya wengi. Tusiwadharau watafiti kwa ajili hiyo. Waliona kasoro, wakaitangaza, wakarekebisha. Ila tujifunze kwamba kupima hakukomi siku kifaa kinapopewa idhini. Jicho la mwisho la upimaji ni la mke, mama, muuguzi wa zahanati na mchungaji, wanaomwona mgonjwa akiwa nyumbani. Mtu mwenye taya lililokaza au kidonda kinachonuka asifichwe ndani kwa aibu. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

6. Maandiko na ungamo letu

Mkristo wa kijijini anapoalikwa kutahiriwa, huwa na maswali ambayo tabibu hawezi kuyajibu. Je, nitakuwa nimerudi chini ya torati? Je, nitakuwa Mwislamu? Je, si kukosa imani?

Tohara katika Mwanzo 17 ni ishara ya agano. Mkutano wa Yerusalemu (Matendo 15) uliamua kwamba watu wa mataifa wasitwikwe ishara hiyo kama sharti la wokovu. Katika Wakolosai 2:11-12 Paulo anaiweka tohara ya Kristo pamoja na ubatizo. Kwa hiyo aliyebatizwa hapungukiwi na kitu mbele za Mungu, atahiriwe au asitahiriwe (1 Wakorintho 7:18-19). Lakini tukumbuke kwamba mtume yuleyule alikataa Tito asitahiriwe (Wagalatia 2:3-5) na akamtahiri Timotheo (Matendo 16:3). Je, alijipinga? Hapana. Kwa Tito, watu walitaka kuifanya tohara kuwa sharti la injili. Kwa Timotheo, ilikuwa njia ya kuwatumikia watu. Tendo lilikuwa moja. Maana ndiyo iliyotofautiana.

Kanuni ya Mapatano ya mwaka 1577, katika kifungu cha 10, inafundisha kuhusu mambo ambayo Neno la Mungu halikuyaamuru wala kuyakataza. Mambo hayo ni huru, maadamu hayageuzwi kuwa ya lazima kwa wokovu. Tohara ya kinga ni ya namna hiyo. Mchungaji anayeihubiri kama amri ya Mungu amekosea, na anayeikataza kama kuasi injili amekosea vilevile. Kristo mwenyewe alitahiriwa siku ya nane (Luka 2:21), na hakuna aibu katika alama hiyo.

Kuhusu imani na dawa, tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527 Luther alimwandikia mchungaji Johann Hess wa Breslau juu ya jambo hili hili. Alifundisha kwamba dawa ni zawadi ya Mungu, na kwamba anayezidharau kwa kisingizio cha imani humjaribu Mungu na kuwahatarisha jirani zake. Katika Katekisimo Ndogo aliieleza amri ya tano kuwa inatudai pia kumsaidia jirani katika mahitaji ya mwili wake. Kwa kijana wa Geita, jirani wa kwanza ni mke wake, au yule binti atakayemwoa.

7. Faida ya kumfundisha mchungaji

Jambo hili nalo limepimwa, tena katika nchi yetu. Kati ya mwaka 2014 na 2015, katika vijiji 16 vya kaskazini magharibi ya Tanzania ambako huduma ya tohara ilikuwa inapelekwa, vijiji 8 vilichaguliwa ili viongozi wa makanisa wapewe semina ya siku moja. Waalimu walikuwa mchungaji na tabibu pamoja, nao walifundisha upande wa Maandiko, wa desturi na wa afya. Hawakuambiwa wahubiri nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: katika vijiji vilivyofundishwa, asilimia 52.8 ya wanaume walitahiriwa. Katika vingine, asilimia 29.5.

Tunaweza kufurahi kwa habari hiyo, lakini tuogope pia. Neno la mchungaji likiwa na nguvu kiasi hicho katika kuwapeleka wanaume kwenye tohara, lina nguvu hiyohiyo likisema nusu ya ukweli. Huduma zinazoletwa kwa kampeni huja na kuondoka. Mwaka 2025 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa, ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake, na tohara ya kinga haikuwa miongoni mwa huduma za UKIMWI zilizoruhusiwa kuendelea. Hema la tohara likifungwa, usharika hubaki. Waliotahiriwa ni washarika wetu, na wake zao ni washarika wetu.

8. Hitimisho

Sasa naweza kumjibu yule mama. "Mama, tohara ya mume wako inampunguzia yeye hatari ya kuambukizwa, kwa nusu au zaidi kidogo, akiwa amekwisha kupona. Haimkingi kabisa. Wewe haikulindi moja kwa moja. Kama tayari anavyo virusi, haikulindi hata kidogo. Wiki tatu hazitoshi. Subirini hadi wiki sita zitimie na tabibu aseme amepona. Nendeni wote wawili mkapime, nami nitakwenda nanyi mkitaka. Na mkikutwa na virusi, dawa zipo, na nafasi yenu katika meza ya Bwana iko palepale."

Jibu hilo halikuhitaji shahada. Lilihitaji mchungaji aliyechukua siku moja kukaa na tabibu na kumwuliza maswali ya washarika wake. Ndugu wachungaji, na ninyi wanafunzi mnaojiandaa kwenda katika sharika za Kahama, Kishapu, Bukombe na Geita, tafuteni siku hiyo kabla mama mwingine hajasubiri mlangoni mwa kanisa.